Pale Sindano Inaporuka

Baba yangu akikasirika hafoki. Hunyamaza, akaanza kusafisha miwani. Tangu siku nilipomwambia habari za Arsène, mwaka mzima, ile miwani ilisafishwa mpaka nikahofu itaisha.

Kwa hiyo Jumapili ile, tulipoegesha gari mbele ya nyumba ya kina Arsène huko Erdington, nilimtazama mikono kabla ya uso. Mikono ilikuwa imetulia magotini. Alikuwa amevaa kilemba cha buluu, kile anachokitoa kabatini kwa ajili ya harusi za watu, na amejipulizia manukato hata mimi kichwa kikaanza kugonga. Nikajipa moyo.

"Puttar," akaniambia. Ndivyo Kipunjabi kinavyomwita mtoto, na yeye huniita hivyo hata akisema Kiswahili. "Nimekuja kumsikia huyo kijana akipuliza saksafoni yake. Sikuja kwa lingine. Usije ukanifungia mlango nyuma."

"Nani atakufungia, Baba? Ni chakula cha mchana tu."

"Mimi nimewaoza dada zangu watatu kule Nakuru. Hakuna kitu kinaitwa chakula cha mchana tu."

Baba ni Davinder, makanika wa mabasi aliyestaafu, mzaliwa wa Nakuru, mkazi wa Acocks Green, hapa Uingereza, tangu mimi nina umri wa miaka kumi na moja. Mama yangu, Raksha, alifariki miaka sita iliyopita. Tukabaki wawili ndani ya nyumba yenye vyumba vinne, tukipikiana dengu na kudanganyana kwamba tumeshiba. Ningeweza kuolewa bila ruhusa yake, sheria ipo. Lakini mtu aliyebaki na mzazi mmoja hajui kumtoroka. Nilitaka anitoe kwa mkono wake, basi. Bila hilo, nilijijua, ningesimama siku ya harusi yangu nikitazama mlango.

Na Arsène? Arsène ni fundi wa lifti. Mimi, Nilam, napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, ghorofa ya tatu, Stechford, na siku moja lifti ilikwama nikiwa ndani. Nikasikia mtu juu yangu anapiga mluzi kwa utulivu kama yuko bafuni kwake. Halafu zikashuka buti mbili. Wenzangu hupenda macho, wengine hupenda mabega, mimi nilipenda buti. Nilipouona uso nilikuwa nimeshachelewa.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nilikohoa mwezi wa kwanza tu. Baba akauliza: ni nani, nikamwambia. Anatoka wapi, nikamwambia, Bukavu. Anasali wapi, nikamwambia, kanisani, hapo Erdington. Akavua miwani.

Nikamwambia Arsène kwamba njia ya kumfikia Baba ni moja tu, nayo inapita kwenye santuri ya Mama.

Ilikuwa santuri ya zamani kuliko Mama mwenyewe, ya mwaka 1957, muziki wa jazi usio na maneno hata moja. Jalada lake limepauka, lina picha ya mpulizaji amekaa kwenye kiti cha jikoni, saksafoni yake ya tenor imelala mapajani, uso kama wa mtu aliyepitwa na basi la mwisho. Mama alipewa na mjomba wake aliyekuwa akiuza redio Nakuru. Alipohamia Uingereza aliibeba ndani ya sanduku, ameifunga kwa shali ya harusi, vyombo vya jikoni akaviacha. Kila Jumapili mchana Baba hufunga mlango wa sebule, akaweka upande wa pili, wimbo wa pili, akakaa. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata kuipangusa vumbi. Mimi niliirekodi kwa simu, nimesimama kwenye ukumbi kama mwizi, nimebana pumzi.

Arsène aliusikiliza wimbo ule miezi minne, ndani ya gari lake la kazi, baina ya lifti na lifti. Noti zilizoandikwa hazisomi. Hupiga kwa sikio, kama wapigaji wote wa kanisani kwao, na kitu akikisikia hukichukua kizima kizima.

Mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha. Mama Sabine, mamake Arsène, alikuwa amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa kikinukia duka, na nyuma yake ilitoka harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, ikanishika mkono.

"Karibuni, karibuni. Papa Nilam, karibu sana. Mukae hapa, hii kiti njo ya bakubwa." Kiswahili chao ni cha Bukavu: njo ni ndiyo, bantu ni watu, mayi ni maji.

"Asante, Mama Arsène. Nyumba nzuri."

"Nyumba ni ndogo, lakini moyo iko. Arsène, leta kinywaji. Papa, mukunywe kwanza, ni tangawisi, nilitengeneza miye mwenyewe."

Baba akapokea glasi kwa mikono miwili, akaonja. Macho yakamtoka.

"Mama Arsène, hii kitu inaweza kuamsha maiti."

"Njo sababu minaikunywaka kila asubui," akasema Mama Sabine, na wote wawili wakacheka. Nikamtazama Arsène. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, amevaa shati jeupe lililomkaba shingoni, ananitazama kwa macho yale yake ya kuuliza na kujibu mwenyewe. Nilitamani niende nimfungue kifungo kimoja. Nikakaa juu ya mikono yangu.

"Kwa hivyo wewe unatengeneza lifti," Baba akamwambia.

"Ndiyo, Papa."

"Zikikwama, watu hulia?"

"Bamoja banalia, Papa. Bamoja banaomba Mungu. Nilam nilimukuta anakula chips."

Baba akacheka tena, akanywa tena. Mara ya pili. Mwenyewe nilihesabu baraka hizo kama maskini anavyohesabu mbuzi wa jirani. Mwaka mzima nilikuwa nimeota kicheko hicho.

"Haya," akasema, akajiweka sawa kitini, glasi mkononi. "Nilam ameniambia una kitu cha kunisikilizisha."

Arsène akatoa saksafoni yake kwenye mfuko. Akalowesha mdomo wa ala, akanitazama mara moja, halafu akafumba macho.

Sijui muziki, sina la kujisifu. Ninachojua ni kwamba sebule ile ndogo yenye viti vya maua na picha za marehemu babake Arsène ukutani ilibadilika. Wimbo ule nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote nyuma ya mlango uliofungwa. Sasa mlango ulikuwa wazi. Arsène alianza chini, taratibu, kama anavyoanza yule mpulizaji, halafu akapanda. Akafika pale kati, pale saksafoni inapopanda noti tatu. Akapanda noti tatu, akarudi. Akapanda zilezile, akarudi. Akapanda mara ya tatu, ndipo akapita, akaendelea mpaka mwisho.

Mama Sabine akapiga makofi. Baba hakupiga. Alikuwa ameishika glasi kifuani.

"Hapo katikati," akasema. "Umerudia."

"Ndiyo, Papa."

"Kwa nini umerudia?"

"Njo vile iko, Papa. Ule muzee anarudia."

"Umeisikia wapi?"

Nikajua hakuna pa kujificha. "Baba, ni mimi. Nilirekodi kwa simu. Nilisimama ukumbini."

Hata hakunigeukia. Macho yake yalikuwa kwa Arsène.

"Yule mzee harudii," akasema polepole. "Mimi nilimsikia kabla. Anapanda mara moja, anapita. Hiyo unayopiga ni bangili ya mke wangu. Alikuwa anacheza peke yake sebuleni, siku Nilam alipopata kazi yake ya kwanza, ameinua mikono hivi, bangili ikapiga mkono wa gramafoni. Sindano ikakwaruza. Tangu siku hiyo inaruka hapo mara mbili. Watu waliniambia ninunue nyingine, ziko mpya. Nikasema sitaki mpya."

Arsène aliishusha saksafoni. Uso ulimwiva.

"Pardon, Papa. Sikuyua. Miye nilifikiri ni yeye. Nilifikiri iko na kintu anapenda kusema, inamukatala, anajaribu tena, inamukatala. Donc ile fasi, pale anaporudia, njo nilijifunza kupita zote. Nilam anaweza kusema, niliililia ile fasi."

Ilikuwa kweli. Aliililia ndani ya gari, nikamcheka, nikamwambia mwanaume mzima.

Baba akanyamaza. Nikangoja miwani. Haikuvuliwa.

"Piga hapo tu," akasema. "Pale anaporudi. Hapo tu."

Arsène akapiga. Noti tatu, akarudi. Noti tatu, akarudi. Na Baba yangu, ambaye hata mazishini hakulia mbele za watu, machozi yalimshuka yakapotea ndevuni. Arsène alipomaliza, Baba aliitazama glasi yake, bado ilikuwa na nusu ya tangawizi, kama aliyeikuta mkononi bila kujua ilifikaje. Akaiweka mezani. Akaisukuma mbali kidogo kwa vidole viwili.

Mama Sabine alikuwa ameshaondoka kwenda jikoni, naye akifuta macho, na akarudi na sinia. Wali, ndizi makemba za kukaanga, samaki wa kuchoma, sombe aliyoipika kwenye sufuria ya peke yake kwa sababu nilimwambia Baba hali nyama. Alikuwa ameamka kabla ya jua kwa ajili ya sinia ile. Baba akasimama, akakutanisha viganja.

"Asante sana, Mama Arsène. Mimi sitakula."

"Kidogo tu, Papa. Sombe haina nyama, niliuliza Nilam."

"Najua. Inanukia vizuri sana. Sitakula."

"Basi samaki."

"Hapana, dada."

Mama Sabine akaweka sinia. Tabasamu lilikuwa bado liko mdomoni, lakini lilikuwa limeachwa peke yake. "Basi mumalize tangawisi yenu."

"Hapana."

"Mayi, Papa. Mayi ya robinet, ya bomba tu."

"Hata maji, dada yangu. Unisamehe."

"Mbele ya muziki kuanza ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Na sasa?"

"Sasa siwezi."

Akamshika Arsène mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushika muda mrefu, akatoka. Tukasikia mlango wa gari unafungwa. Nilibaki nimesimama katikati ya sebule, sijui nimtazame nani, aibu imenifika shingoni.

"Nilam," akasema Mama Sabine. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mutoto wangu, uniambie kweli. Sisi tuko bachafu?"

"Hapana, Mama. Kabisa hapana."

"Kwetu mutu akikatala nyama, ni sawa, labda tumbo inamuuma. Akikatala mayi, anasema uko mulozi. Anasema utamuua. Miye nilikaa mu kambi ya bakimbizi miaka saba, nilikuwa na kikombe moja, na hakuna mutu alikatalaka mayi yangu."

"Maman," Arsène akasema, "labda ni juu ya muziki. Labda nilimuumiza."

"Kama muziki ilimuumiza, mayi inamufanya nini?"

Nikatoka mbio, sina hata koti, mvua ya Erdington ile isiyonyesha wala kuacha. Nikafungua mlango wa gari nikakaa, nikaufunga kwa nguvu ambazo sijawahi kuzitumia mbele yake.

"Baba, umeniaibisha. Kama humtaki ungesema humtaki. Mwanamke amepika tangu alfajiri, unamkatalia hata maji? She thinks you think she's dirty."

Alikuwa ameshika usukani, gari limezimwa.

"Unamkumbuka babu yako," akasema, "alivyokuwa akienda kwa shangazi yako Eldoret?"

"Baba, tafadhali, sasa si wakati wa Eldoret."

"Alikuwa anabeba nini?"

Nikafikiri. "Thamosi. Alikuwa anabeba chai yake mwenyewe, anainywa ndani ya gari. Sisi watoto tulidhani chai ya shangazi ni mbaya."

"Chai ya shangazi yako ilikuwa nzuri kuliko ya mama yako, Mungu anisamehe. Kwetu baba hanywi kwenye nyumba alikomwoza binti yake. Hali, hanywi, hata maji. Ukitoa kwa mkono huu, hupokei kwa mkono ule. Ukipokea, hukutoa, uliuza. Babu yako aliishi hivyo mpaka kufa." Akaachia usukani. "Nilikuja hapa kama mgeni, puttar. Nikanywa kama mgeni. Halafu yule kijana akapiga bangili ya mama yako. Alikuwa ameililia, unasikia? Mkwaruzo wa santuri, mtu mzima ameketi ameililia. Nikaona glasi mkononi mwangu, nikaiweka chini. Sikufikiri. Mkono ulitangulia."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, moyo ulinipasuka kwa furaha, nikamkumbatia pale pale, usukani umetukaa ubavuni, kilemba cha buluu kikienda upande.

"Umenitoa," nikasema.

"Nimekutoa."

Ningekuwa na akili ningelia hapo hapo nikamaliza. Badala yake nikarudi ndani mbio kupeleka habari njema.

Arsène aliposikia alijishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akaketi, akasimama. Mama Sabine alikuwa anafunika chakula kwa foili. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikibana kingo za sinia moja moja.

"Nimesikia," akasema. "Ni desturi yenu, na ninaiheshimu. Papa yako ni mutu muzuri, sikumuelewa, anisamehe."

"Asante, Mama."

"Lakini na sisi tuko na yetu."

Arsène akaacha kucheka.

"Kwetu bukwe bunatoka mu sahani," akaendelea, bila hasira, na laiti angekuwa na hasira. "Bantu benye habayakula pamoya habako bakwe, hata bakiandika karatasi kumi. Bwana yangu alikufa mu njia tukikimbia. Benye walinigawia muhogo yao siku ile, sikuyua majina yabo, na mpaka leo ni bandugu yangu, hata bakaka ya bwana yangu banabaita ndugu. Sasa bale bakaka bataniuliza: papa ya bibi-arusi, alikula kwako? Niseme alikatala hata mayi? Siwezi, Nilam. Minakupenda, lakini siwezi kupeleka mutoto wangu kwa bantu benye hawakugusa kikombe yangu."

"Maman, quand même, hata hivyo," Arsène akasema. "Alishakunywa tangawisi."

"Alikunywa kama mugeni. Yeye mwenyewe amesema."

Hapo alikuwa amesema kweli.

"Glasi moja ya mayi," akasema Mama Sabine. "Moja tu. Akikunywa, bintu byote byaisha leo."

Akaenda jikoni. Tukasikia bomba linafunguliwa. Arsène akanivuta ukumbini, baina ya makoti, akanishika kidole kimoja tu, cha mwisho, kama aliyeogopa kuomba mkono mzima.

"Nifanye nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Mutu akikwama juu, ninamushusha. Akikwama chini, ninamupandisha. Hii, Nilam, siyui hata mashini iko wapi."

"Tukaoane sisi wawili tu," nikasema. "Wiki ijayo. Tusimwambie mtu."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mazuri na yamechoka, na niliona ndani yake mamake amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma la kanisa, ameinamisha kichwa.

"Utaweza?" akauliza. "Papa yako abaki kwa nyumba pekee?"

"Na wewe utaweza?"

Kidole changu kilikuwa bado mkononi mwake. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Lakini hawa hawakupigana. Waliheshimiana, kila mmoja alikuwa na haki yake tele, na mimi niliumia vilevile.

Mama Sabine alitupita na glasi ya maji, akatoka nje kwa kandambili zake, kitenge kipya kinaloa. Akaenda mpaka kwenye dirisha la gari. Baba akashusha kioo.

"Papa Nilam. Nilisikia sababu yako. Na wewe usikie yangu."

Akamwambia yote, pale pale mvuani. Baba akamsikiliza bila kumkata kauli. Alipomaliza, Baba aliitikia kwa kichwa.

"Dada, umesema kweli. Ningekuwa wewe, ningesema hivyo hivyo."

"Nami kama ningekuwa wewe, singekunywa," akasema Mama Sabine, na mkono wake ulibaki umenyooka, matone ya mvua yakiingia ndani ya glasi.

Walitazamana, mgane na mjane. Kama wangekuwa wabaya ningewachukia wote wawili, nikaenda zangu na buti zangu.

Baba akanigeukia. "Puttar. Sema wewe."

"Niseme nini, Baba?"

"Nikinywa, nimekunywa kwa watu, na wewe bado uko kwangu. Nisiponywa, nimekutoa, lakini hawa hawawezi kukupokea. Nitakuacha mlangoni kwa nani? Mimi sijui tena. Sema, nifanye unalosema."

Nikamtazama Arsène, amesimama kizingitini na soksi tu. Nikawaza: Baba anaweza kunitoa tena, siku ya harusi, siku nyingine yoyote, kutoa si neno tu? Mama Sabine hatarudi mvuani na glasi mara ya pili. Ndivyo nilivyojipigia hesabu, na hapakuwa na mtu wa kunisahihisha.

"Kunywa, Baba," nikasema.

Alinitazama kidogo. Halafu akaipokea glasi kwa mikono miwili, akainywa yote bila kupumzika, kama dawa, akairudisha.

"Asante, dada. Maji matamu."

Mama Sabine akapiga vigelegele. Alivipiga mpaka jirani wa ng'ambo akafungua pazia. Akanikumbatia, akaniita mukwe, akaniita mutoto, akakimbilia ndani kufunua sinia zake, akisema chakula kingali moto, mutu asiondoke. Nikainama dirishani.

"Baba, utanitoa tena, sivyo? Siku ya harusi?"

Alikuwa amevua miwani. Hakuisafisha, aliishika tu.

"Sikujua kama ninayo nguvu ya kukutoa," akasema. "Leo nikaona ninayo, nikashangaa. Ilikuja mara moja, puttar. Nimeitafuta hapa nikiwa nakunywa, haipo."

"Baba."

"Usilie. Nitakuja harusini, nitakaa mbele, nitavaa hiki kilemba. Nitakula kila kitu watakachoniwekea. Wageni hula."

Arsène alinifikia akiwa na soksi zimelowa chapachapa, akanishika mabega kwa nyuma, nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio mgongoni mwangu.

"Amesema nini?" akauliza. "Nilam, Papa amesema nini?"

"Amesema atakuja harusini," nikamjibu. "Na atakula."

Arsène akaachia kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo, akageuka kumwita mamake aje asikie. Nikabaki nimesimama pale njiani nikilia, na kila aliyeniona siku ile alidhani nalia kwa furaha.